Mkebe Wenye Tundu

Mbeke Ngui hakuwahi kukaa akiupa mlango mgongo. Kanisani alikaa kwenye kiti cha ukutani, hotelini hakuingia kabisa, na siku ya Meza ya Bwana alimtazama mchungaji kooni mpaka ahakikishe divai imeteremka, ndipo naye akanywa. Watu walicheka. Mimi nilikuwa jirani yake kazini, na nilijua mama huyu hafanyi mzaha.

Naitwa Wilkister. Niliuza mandazi kwenye kwari ya mawe nje ya Kitengela, wakati Kitengela yenyewe ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga na vumbi la kutosha. Mbeke aliuza chai. Chai bila mandazi haiendi, na mandazi makavu hukwama kooni, kwa hiyo ilitulazimu kukaa pamoja, apende asipende. Hakupenda. Siku ya kwanza nilipotua karai langu karibu na jiko lake, aliniuliza nimetoka wapi, nimeletwa na nani, na kwa nini nimechagua hapo hapo wakati kwari yote iko wazi. Nikamwambia nimefuata chai.

"Chai hufuatwa na wanywaji," akasema. "Wewe unauza. Wewe umefuata wateja wangu."

Ilikuwa kweli, kwa hiyo nikapanga mandazi yangu.

Alitoka upande wa Mwala, Ukambani, akiwa mjane na mtoto mmoja wa kiume, Mbuvi, ambaye alikuwa akikata mawe pale pale kwari. Mumewe, Mwololo, alikwenda kunywa pombe ya jirani jioni moja, akarudi akishika tumbo, na kesho yake akafa. Daktari alisema ni ini. Mbeke alisema ini halijui kuchagua siku. Kwa maelezo yake, jirani yule alimkabidhi Mwololo kibuyu bila kupiga funda mbele yake, na Mwololo kwa sababu ya kiu na adabu hakuuliza. Desturi hiyo iko Ukambani, iko kwa Wakikuyu, na hata kwetu Magharibi iko: anayekupa kinywaji anaonja kwanza ukiona, ili ujue hakuna kitu. Siku hizi tumeacha, tunaona ni mambo ya kizamani. Mbeke hakuacha. Hata mimi nikimpa soda ya Krismasi, nilikuwa nafungua, napiga funda, ndipo anapokea.

Sasa niseme habari za mikebe, maana ndiyo iliyomfanya ajulikane kutoka Kitengela mpaka Isinya.

Alianza na sufuria ya dukani kama mtu mwingine yeyote. Ikaibwa. Akanunua ya pili, nayo ikaibwa mchana, chai ikiwa bado ndani, mwizi akaondoka na moto wake. Basi Mbeke akaapa kwamba hatanunua tena chombo ambacho mtu mwingine anaweza kukitamani. Akaenda kwa wenye hoteli mjini akaomba mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, ile ya kilo mbili tunayoita gorogoro, na madebe makubwa ya mraba. Akakaa chini ya kivuli cha lori bovu na nyundo na patasi aliyoazima kwa mwanawe, akaanza kujifunza.

Kifuniko cha juu alikikata kwa patasi, polepole, akizungusha. Makali yaliyobaki aliyakunja kwa ndani juu ya jiwe, akayagonga mpaka ukipitisha kidole hakikatiki. Alitoboa matundu mawili karibu na mdomo, akapitisha waya kuwa mkono wa kubebea. Kisha akauweka mkebe mtupu motoni mpaka rangi yote ya nje ikaungua na harufu ya mafuta ikaisha, akaumwagia maji na majivu, akachemsha, akamwaga, akasugua kwa mchanga. Hapo ndipo ulikuwa tayari kwa maji ya kunywa. Kuna waliokuja kuiga bila kuchoma rangi kwanza, na chai yao ilinukia kama ukuta mpya. Mbeke hakuwasahihisha. Alisema wamekuja kuiba ujuzi, acha waibe nusu.

Jiko lake lilikuwa la mabaki ya mawe ya kwari, pande tatu zimezibwa, mdomo umeangalia mbali na upepo, na juu vipande viwili vya nondo. Bati la mkebe ni jembamba, moto ukishika kidogo tu maji yanaanza kupiga kelele, na vijiti vichache vya mgunga vilimtosha pale ambapo sufuria nzito ingekula mzigo mzima. Masizi hakuyatoa. Mkebe ukiwa mweusi na mbaya, alisema, macho ya mwizi yanaupita.

Hata hivyo hakuwa na imani na weusi peke yake. Chini ya kila mkebe alitoboa tundu moja kwa msumari. Asubuhi akifika ananiambia, "Wilkister, leta unga," nami nabana donge dogo kutoka unga wangu wa mandazi. Analichanganya na majivu kidogo, analisokota, analiingiza tunduni na kulibonyeza ndani na nje, halafu anakausha mkebe kando ya moto kabla ya kutia maji. Unga ukipata joto hukauka ukawa mgumu, na tone halipiti kutwa nzima. Jioni analisukuma kwa msumari linatoka, mikebe anaiacha hapo hapo kwari, anakwenda nyumbani mikono mitupu. Mwizi akiuchukua, akatia maji, yanamwagikia moto wake. Mmoja uliwahi kuibwa, tukaukuta umetupwa njiani. Mbeke aliuokota akitabasamu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza niliona meno yake yote.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua siri ya donge, kwa sababu unga ulikuwa wangu. Mara kwa mara alinikazia macho akiwa amejaa tuhuma, akauliza kama nimemwambia mtu. Nilikuwa nakasirika. Unampa mtu unga bure kila asubuhi, na yeye anakutazama kama askari wa forodha!

Basi Mbuvi akaoa. Alimleta Mwihaki, msichana wa Kikuyu, binti wa Gathoni aliyekuwa akiuza viazi na kabichi pale Kiserian. Mwihaki alifanya kazi kwenye shamba la maua Isinya, akikata waridi na kufunga. Alikuwa mpole, mrefu, na mikono yake ilijaa mikwaruzo ya miiba. Nisiseme uongo, hata mimi nilijiuliza msichana mzuri namna ile ametafuta nini kwa mkata mawe. Nikamtazama wiki nzima nikingoja kuona makucha. Sikuyaona. Baada ya hapo nilianza kumpenda, lakini Mbeke hakuwa na haraka hiyo.

Walikaa ploti moja Kitengela, vyumba vya mabati vinavyotazamana. Mwihaki alikuja na sufuria zake mpya, akamletea mama mkwe ile kubwa kuliko zote, imefungwa kwa kitambaa. Mbeke aliigeuza, akaitazama chini, akairudisha.

"Hii ni ya kwako. Mimi niko na zangu."

"Lakini zako ni mikebe, mama."

"Ndiyo. Na najua imetoka wapi."

Tangu siku hiyo kila mmoja akawa na jiko lake. Mbeke alishuku kila kitu. Mwihaki akinyamaza, anaficha jambo. Akiongea kwa simu ya kibandani na mama yake kwa Kikuyu, wanapanga. Mwaka ukapita bila mimba, basi anameza vitu. Na kila mara Mwihaki alipomletea chai au uji, kwa magoti kidogo kama alivyofundishwa, mkwewe hakunyoosha mkono.

"Onja kwanza."

Mwihaki anaonja. Mbeke anatazama koo. Anapokea.

Nilimwambia Mwihaki siku moja aache kupeleka hicho kikombe, mtu mzima akiwa na kiu ataamka ajipikie. Akanijibu, "Mama Wilkister, siku moja atachukua tu bila kusema. Hiyo siku ndiyo nitajua nimeolewa." Ndivyo alivyokuwa anaona ndoa yake. Pete alikuwa nayo, cheti cha kanisa alikuwa nacho, Mbuvi alimpenda mpaka akawa kichekesho kwari, lakini yeye alingoja kikombe kimoja kipokewe kimya.

Ikaja ile mvua kubwa ya mwisho wa mwaka wa tisini na saba, ambayo redio iliita El Niño na sisi tukaiita balaa. Kajiado, nchi ya kulilia maji, ikawa maji tupu. Barabara zilikatika. Mbuvi alikuwa amepata kazi ya kujenga upande wa Ewuaso Kedong, na huko akakwama. Shimo la kwari likajaa, vyoo vya wachimbaji vikafurika, na si muda mrefu tukaanza kusikia kwamba fulani anahara, na fulani, na fulani amepelekwa hospitali ya Kajiado hajarudi. Watu wa afya walipita na gari la spika: kipindupindu kimeingia, kila mtu achemshe maji ya kunywa, yachemke kabisa, yasiguswe na vikombe vichafu.

Wachimbaji wengi walilala kambini pale pale kwari, vibanda vya karatasi za plastiki, na hawakuwa na hata kijiko. Hapo ndipo nilipomwona Mbeke ambaye sikumjua. Aliwasha moto alfajiri akautunza mpaka jioni, madebe matatu yakipokezana juu ya nondo, akigawia maji yaliyochemshwa kila aliyekuja na chombo, na asiye na chombo akamkatia mkebe mdogo papo hapo, akakunja makali, akatia waya. Wakati huu aliwaonyesha hata kuchoma rangi. Si kwa upole, alikuwa akiwatukana huku akifundisha, lakini aliwaonyesha. Kambi yetu ilipata wagonjwa wachache kuliko kambi ya jirani, na hilo hata mnyapara alilisema.

Yeye mwenyewe hakuyanywa maji hayo.

Niligundua kwa bahati. Alikuwa na jerikani ndogo ya njano aliyoificha nyuma ya mawe, chini ya gunia, na kila alipotaka kunywa alikwenda huko. Nikamuuliza kwa nini asinywe ya debe kama wengine.

"Haya ya debe yameletwa na punda ya nani? Na nani alishika bomba? Na wewe umepita hapa mara ngapi nikiwa nimeangalia kando?"

"Si umeyachemsha mwenyewe?"

"Kuchemsha kunatoa uchafu," akasema. "Hakutoi roho ya mtu."

"Na haya ya jerikani?"

Akatazama huku na huku. "Haya ni ya Mungu. Yako pale shimo la zamani, huko nyuma, yametoka juu moja kwa moja. Hakuna mkono umegusa. Sasa nichemshe ya nini?"

Shimo la zamani liko chini ya mteremko, na juu ya mteremko ndipo vyoo vya kambi vilipokuwa kabla ya mafuriko. Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Unajua alinijibu nini? Aliniambia, "Kumbe unapajua. Umekuwa unanifuata." Akabeba jerikani yake akaenda kuificha mahali pengine. Kwa Mbeke, ubaya wote wa dunia ulitoka mikononi mwa watu, na kitu kisichoguswa na mtu kilikuwa salama. Alikuwa ameishi hivyo tangu Mwololo afe, na gari la spika halingeweza kumbadilisha.

Siku chache baadaye hakuja kazini. Nikauza mandazi yangu nusu, nikaenda ploti.

Nilimkuta amelala kitandani, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Mwihaki alikuwa hapo, ameacha kazi ya maua, ameshafua mashuka na kuyafua tena. Alikuwa amekwenda zahanati asubuhi. Sista alimwambia hospitali imejaa, gari la kupita mtoni halipo mpaka maji yapungue, ampe mgonjwa maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, mengi, bila kuchoka, kwa sababu anayekufa anakufa kwa kukaukiwa. Mwihaki alikuwa amechemsha sufuria nzima. Ilikuwa hapo imejaa, imefunikwa. Mgonjwa hajagusa.

"Anasema sufuria si yake," Mwihaki akaniambia. "Anasema nichemshe na mkebe wake, hapa mlangoni, akiona. Nimeleta ule mmoja kutoka kwari. Mama Wilkister, hiyo kitu inavuja! Imezima moto mara mbili. Sasa anasema ni mimi nimetoboa."

Mbeke akafungua jicho moja. "Ametoboa," akasema.

Kuna hasira ambayo mtu hawezi kumwelekezea mgonjwa, basi niliikasirikia sakafu. Nikapiga magoti mlangoni, nikaomba unga wa ngano, nikaukanda na majivu, nikaziba lile tundu mbele ya macho ya Mbeke. Siri ilikwisha hapo. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Nikaukausha mkebe, Mwihaki akatia maji, tukaweka juu ya mawe matatu, na wote watatu tukatazama mpaka yakatokota, yakaendelea kutokota, yakapoa. Mwihaki akapima sukari na chumvi, akakoroga, akamimina kwenye kikombe cha mabati cha Mbeke mwenyewe, akamwinua kichwa.

"Onja kwanza."

Mwihaki akaonja. Mbeke akatazama koo, akanywa mafunda mawili, akajilaza. Baada ya muda kidogo tukamwinua tena. Kikombe ni kile kile, kimekwisha kugusa midomo yake iliyopasuka, kimewekwa kando ya kitanda kile ambacho nisingependa kukieleza.

"Onja kwanza."

"Tumia kikombe kingine, Mwihaki," nikamnong'oneza. "Hiki kimeshaguswa."

Akajaribu. Akaleta kikombe cha plastiki kutoka chumbani kwake, akaonjea hicho. Mbeke akakaza midomo. Kama umeonjea kingine, umeonja kingine. Ilikuwa lazima iwe kile atakachonywea yeye. Akageukia ukuta, na alikuwa dhaifu kiasi kwamba tulijua akigeuka hivyo mara chache zaidi, hatageuka tena.

Mwihaki alinitazama mimi, akatazama kikombe. Kisha akaonja.

Alimpa hivyo siku hiyo yote, na siku zilizofuata. Funda lake, mafunda ya mkwewe. Mimi nilikuja asubuhi na jioni, kubadilisha donge la unga na kuleta kuni, na kila nikiingia nilisikia maneno yale mawili, sauti ikipata nguvu kidogo kidogo. Nilifurahi kusikia nguvu hiyo, na nilitamani kumzaba kofi kwa wakati huo huo. Mbeke akapona. Akakaa, akaomba uji, akauliza nani ameshika mkebe wake mwingine. Nilijua basi kwamba amepona kweli.

Asubuhi iliyofuata Mwihaki hakuweza kuinuka.

Ugonjwa ulimpiga kwa haraka kuliko ulivyompiga mkwewe. Nilipofika, Mbeke alikuwa amejikokota hadi chumba kile cha pili, ambacho hakuwahi kukanyaga tangu harusi, akiwa amejifunga shuka kiunoni, anachemsha maji mlangoni kwa ule mkebe. Uso wake ulikuwa wa majivu. Nikaenda zahanati mbio. Sista akaja mwenyewe safari hii, kwa miguu, viatu mkononi. Akamtazama Mwihaki, akauliza maswali mengi. Maji mlichemsha? Tulichemsha. Choo kiko wapi? Pale. Mliosha mikono? Kwa sabuni. Halafu akauliza, "Mgonjwa wa kwanza na huyu, kuna siku walitumia kikombe kimoja?"

Mbeke wakati huo alikuwa nje anaongeza kuni. Mwihaki alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, akinikataza. Kwa hiyo nilinyamaza, naye akamjibu sista kwa sauti ya chini sana ambayo mimi niliisikia na Mbeke hakuisikia. Sista akapumua. "Basi ndiyo hapo," akasema, akaahidi kwamba lori la mawe litakalojaribu kuvuka mchana litampeleka hospitali, na tuendelee kumpa maji.

Kabla lori halijafika, alifika Gathoni. Siku moja kabla, mtu wa shamba la maua la Isinya alikuwa amempigia simu ya duka huko Kiserian kwamba ugonjwa umeingia kwa binti yake, naye akapanda chochote kilichokuwa kinatembea, akamaliza kwa miguu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, na matope mpaka magotini. Aliingia, akamwona mtoto wake, akamwita jina lake kwa Kikuyu mara moja. Kisha akamwona Mbeke anakuja na kikombe.

Nilikuwa nimewahi kuona macho ya namna ile kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa amesimama na kikombe.

"Hiyo nini?" Gathoni akauliza.

"Ni maji. Iko na sukari na chumvi. Nimechemsha."

"Umechemsha na nini?"

Mbeke akaonyesha ule mkebe mweusi mlangoni. Gathoni akauangalia, akaangalia sufuria za binti yake zinazong'aa rafuni, akamrudia Mbeke.

"Mtoto wangu ametoka kwangu akiwa mzima. Nimesikia vile unaishi na yeye, usidhani sijasikia. Hakuna kikombe yako itaingia kwa mdomo yake hivi hivi." Akanyoosha kidole. "Wewe onja kwanza."

Nilimtazama Mbeke nikidhani atawaka, maana nilimjua. Hakuwaka. Alikubali haraka, karibu kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo anajua jibu lake. Hiyo ilikuwa lugha yake. Akainua kikombe kuelekea mdomoni.

"Usionje, mama."

Ilikuwa sauti ya Mwihaki, na ilitoka kwa shida. Sote tukageuka.

"Usionje. Umetoka tu kupona, na hicho kikombe nimeshanywea." Akameza mate ambayo hayakuwepo. "Sista amesema ndivyo mimi nilishika ugonjwa. Hivyo ya kuonja."

Nilimwona Mbeke akisikia. Sijui kusema vizuri zaidi. Maneno yalimfikia moja moja, na kila moja lilipofika kitu usoni kilibomoka. Aliteremsha kikombe, akakishika kwa mikono miwili dhidi ya kifua.

Gathoni hakuwa ameelewa. Alitazama mmoja mmoja. "Kuonja gani? Nani alikuwa anakuambia uonje ya mgonjwa?"

Mwihaki akafumba macho. Nje lori lilikuwa limeanza kusikika, mbali bado, linabadilisha gia kwenye matope.

"Ni mimi," Mbeke akasema.

Alipiga magoti. Mwanamke ambaye hakuwahi kumpa mtu mgongo aliugeuzia mlango mgongo, akamgeuzia Gathoni, akaenda kwa magoti mpaka ukingoni mwa kitanda, akaweka kipaji cha uso juu ya godoro kando ya mkono wa Mwihaki, na akalia kwa sauti, kwa Kikamba, maneno ambayo hakuna mmoja wetu aliyeyaelewa. Mwihaki akasogeza vidole vyake mpaka vikagusa kitambaa cha kichwani cha mkwewe, akaviacha hapo.

Gathoni alisimama juu yao. Nilidhani atampiga teke, na sijui kama ningemzuia. Kisha akainama, akachukua kikombe kutoka mikononi mwa Mbeke, akatoka nacho mlangoni. Akakiosha kwa sabuni, akakisuuza kwa maji yaliyokuwa bado yanachemka, akauinua ule mkebe kwa waya wake, akamimina. Akarudi akapima sukari na chumvi mwenyewe, akakoroga, akangoja yapoe. Hakuonja, na hakuna aliyemwambia aonje.

Alimwinua binti yake kichwa kwa mkono mmoja. Mwihaki akanywa yote, akaomba mengine, na Gathoni, akiwa hamtazami Mbeke, akamnyooshea kikombe kitupu ili akajaze.